Mwaka wa Kuombana Moto

Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nimekaa kwenye stuli jikoni kwa Akinyi, kule Kapsoya, nikimenya viazi vilivyoletwa kutoka Burnt Forest, gunia zima. Viazi vya huko vina udongo mweusi unaoingia kwenye kucha na kukaa. Mimi sijui kuongea kwenye matanga. Wenzangu husimama wakasema marehemu alikuwa hivi na hivi, na watu wakaitikia, lakini nikisimama mbele ya watu maneno hunipotea, kwa hiyo tangu zamani nikifika penye msiba hutafuta kisu na karai. Tuliyekuwa tukimlilia ni Mama Akinyi, mama yake huyu mwenye nyumba, jirani yangu wa kwanza hapa mjini. Basi msichana wa nyumba ya pili akachungulia mlangoni, leso begani, akasema, "Samahani, mko na kiberiti? Chetu kimelowa." Akinyi akamrushia kiberiti bila kugeuka. "Kaa nacho, tuko na kingine." Msichana akakidaka, akaenda. Jambo lenyewe halikuchukua muda wa kumaliza kiazi kimoja. Lakini mimi nilibaki na kile kiazi mkononi, na jikoni mle kukawa na ukungu, na harufu ya moshi wa kuni mbichi za mwati, na nikasikia sauti ya mtu nje ikiuliza, kwa Kiswahili chetu cha wakati ule, "Moto iko?"

Nilikozaliwa na watu walionizaa sitaeleza hapa. Watoto wangu wanajua. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka niliofika Eldoret nikiwa bibi ya Zakayo. Wazee bado waliuita mji huu Sisibo, kwa namba ya shamba lililokuwa hapa, sitini na nne. Vita vilikuwa vinaendelea mbali, na kwetu tulivijua kwa vitu vilivyokosekana dukani. Zakayo alikuwa anasukuma magogo kwenye kiwanda cha mbao cha kaburu mmoja, pembeni mwa mji, na sisi wenye familia tulikaa kwenye laini, vyumba kumi vya mabati vilivyoshikana ukuta kwa ukuta, mlango mmoja mmoja, dirisha hakuna. Chumba chetu kilikuwa na kitanda cha mbao za makombo, sanduku langu la bati, mafiga matatu kwenye kona, na msumari ambao Zakayo alitundika koti lake. Ukilala upande wa ukuta ulisikia jirani akigeuka. Asubuhi ukungu ulitoka mtoni Sosiani ukapanda hadi kwenye laini, ukaingia chini ya mlango kama kitu kinachotafuta mahali pa kukaa. Nikikumbuka mwaka ule naona kwanza weupe huo, halafu ndani yake kitu chekundu kidogo kinachotembea, nacho ni kaa la moto kwenye kigae, na nyuma yake mwanamke.

Viberiti havikuwepo. Aliyekuwa na kimoja alikificha kama dawa. Moto wa laini yote ulianzia kwa Mama Kiprono, mlango wa tatu, kwa sababu yeye alijua kuufunika kwa majivu jioni ukaamka asubuhi ukiwa hai. Mumewe alikuwa akikamua ng'ombe wa kaburu, hivyo aliamka kabla ya sisi sote. Ungeenda na kigae chako au kifuniko cha mkebe, ungebisha, naye angesema, "Iko, ingia." Lakini hakukupa upesi. Alikukalisha kwanza. Alipekua makaa kwa kijiti kama mtu anayechagua mbegu, na wakati anachagua ndipo maswali yalipoulizwa. Naweza kusema nyumba zetu zote kumi ziliendeshwa kutoka kwenye yale mafiga. Maharagwe yameingia wadudu, nifanye nini? Changanya na majivu, lakini ya mti mkavu, chekecha kwanza. Mtoto ana kwikwi. Lowesha uzi, mbandike kwenye paji la uso. Mboga ya saga ni chungu. Hapo kila mtu alikuwa na la kwake: Mama Kiprono alisema ichemshwe na kulazwa kwenye maziwa, mimi nilisema kwetu tunatia maji ya majivu, na Mama Akinyi, aliyekuwa mlango wa nne, kati yangu na yeye ukuta wa bati tu, alisema sisi sote wawili hatukufundishwa kupika, tunaogopa mboga.

Mama Akinyi alikuwa mrefu, mwenye sauti iliyofika kiwandani. Akinyi wake, huyu ambaye leo ana wajukuu, alikuwa mtoto wa miezi mitatu aliyefungwa mgongoni. Siku ya kwanza kunisikia nikisonga ugali alipiga ukuta kwa kiganja. "Bibi ya Zakayo! Unapika ama unakoroga simiti?"

"Napika, mama."

"Basi punguza moto. Hiyo ugali inalia."

Wanawake wakacheka laini nzima, nami nikaona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la tatu, na huko tulifundishwa usafi, kucha, vyombo, sabuni, na nilikuja mjini nikiamini kwamba mtu aliyesoma hatakiwi kuuliza mambo ya nyumba. Nililala na maswali yangu. Niliomba moto kila asubuhi, nikakaa, nikasikiliza wenzangu wakiuliza, na nikaokota majibu yao kimyakimya. "Huyu haulizi kitu," Mama Akinyi alisema mara moja akinionyesha kwa kidevu. "Ama anajua yote ama anaogopa yote."

Mama Kiprono akasema, "Mwache. Atauliza."

Juu ya kitanda cha Mama Kiprono kilining'inia kibuyu kirefu chenye shingo nyembamba, kifuniko cha ngozi, shanga chache kwenye ukanda wake. Alipewa na mama yake. Ndani ya kibuyu hicho alitengeneza maziwa ya kulala, yale wanayoyaita mursik, na mwaka ule kilikuwa na kazi moja ambayo laini yote iliijua. Kiprono, mtoto wake wa kwanza, alikuwa askari. Walimpeleka Bama, kule vitani. Barua zilikuwa zimekuja mbili tu, na kila mara aliyeombwa kusoma ni mimi, nikasoma yale maneno ya salamu mpaka yakaisha. Mama Kiprono alikuwa amesema, na kusema kwake kulikuwa kama kuapa, kwamba Kiprono akirudi hatakunywa hata maji kabla ya kunywa maziwa kutoka kile kibuyu. Kwao mtu aliyetoka mbali hupokewa hivyo. Wakati mwingine nilimwona akikishika bila kukifungua, anakizungusha tu mikononi, halafu anakirudisha kwenye msumari wake.

Mvua za kwanza zilipoanza alikuja mtu kutoka upande wa Burnt Forest, akamwambia Mama Kiprono kwamba binti yake karibu anajifungua. Mama Kiprono akafunga nguo zake. Alikuwa na kuku anayelalia mayai chini ya kitanda, na huyo alimwachia Mama Akinyi amtilie mahindi. Ufunguo aliniachia mimi, pamoja na moto wake, niuamshe na kuufunika kila siku ili laini isipoe. "Na kibuyu yangu angalia," aliniambia. "Panya wasiitoboe. Hiyo ndiyo naogopa." Nikasema nitaangalia. Nilifurahi kupewa kazi. Nilihisi kwamba hatimaye nimekuwa mtu mzima wa laini ile.

Siku ya nne niliketi karibu na moto wake peke yangu, nikakishusha kile kibuyu kuona kama panya wamekigusa. Nikafungua kifuniko, nikakiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Ndani kulikuwa kweusi. Kweusi kabisa, kama ndani ya bomba la moshi. Nikaingiza kidole, kikatoka na masizi. Nakumbuka jinsi moyo wangu ulivyomhurumia. Nilifikiri: amezeeka, macho yake hayaoni tena ndani, na mtoto wake atakuja kunywa kwenye uchafu huu. Kwetu maziwa tuliweka kwenye chungu, na kibuyu tulichotea maji. Sikuwahi kuona kibuyu cha namna ile kikitengenezwa. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kilichobaki cha nyumba yetu, na sabuni nayo ilikuwa haipatikani. Nilikwenda nikakitoa sandukuni. Nilichemsha maji. Nilikaa nyuma ya chumba, karibu na mtaro, nikamimina maji ya moto, nikakata sabuni vipande, nikatia mchanga kidogo, nikatikisa, nikamwaga, nikatia tena. Yalitoka maji meusi na povu jeusi. Nilifanya hivyo asubuhi nzima mpaka povu likatoka jeupe, na sabuni ikaisha yote. Sijawahi kuosha kitu kwa upendo namna ile, hata watoto wangu.

Mama Akinyi alikuja na kiganja cha mahindi ya kuku. Akasimama. "Unafua leo?"

"Ndiyo," nikasema. "Nafua." Kibuyu nilikuwa nimekifunika na leso yangu. Sijui kwa nini nilikifunika. Nafikiri nilitaka iwe siri mpaka mwenyewe arudi afurahi.

Aliangalia mtaro, akaniangalia, akaingia kwa kuku wake.

Mama Kiprono alirudi baada ya wiki mbili, binti yake salama, na habari nyingi za huko. Nilikaa kwake nikisubiri akishushe kibuyu aone. Hakukiangalia ndani hata kidogo. Alitoa kijiti cha mti wanaouita senetwet, akakichoma ncha mpaka ikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu, akaanza kusugua, anasaga lile kaa kwenye kuta za ndani, polepole, anakizungusha, moshi unatoka kwenye shingo yake. Kisha akachukua kijiti cha ukindu kilichopondwa ncha, akafagia vumbi la ziada. Alikuwa anaimba kidogo. Na mimi, nimekaa na kigae changu magotini, nikaelewa. Ule weusi ulikuwa kazi yake. Ulikuwa kazi ya mama yake pia, moshi wa miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nimeumwaga mtaroni. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Alikuwa hata ananiangalia, anatabasamu. Ningesema tu, mama, niliosha. Niliomba moto nikaenda nyumbani.

Baada ya siku tano alifungua maziwa. Yalikuwa yamekatika, maji upande huu na utelezi upande ule, na uchungu ambao si wa kuchacha. Akatengeneza mengine, yakawa vilevile. Hapo ndipo alipokwenda bombani, tukiwa tumesimama na ndoo zetu, akasema bila salamu, "Mama Akinyi. Nilikupa kuku. Kibuyu sikukupa."

"Kibuyu gani?"

"Uliingia kwangu kila siku. Ulichotea nini na kibuyu yangu? Mahindi? Chumvi?"

"Yawa! Mimi nichote chakula ya kuku na kibuyu ya mtu? Kwetu tuko na vyungu, mama, hatujakosa vyombo!"

"Basi ni panya waliingia wakaiharibu kwa mkono?"

Mama Akinyi alifungua mdomo wake, ule mdomo ambao kila mtu aliuogopa. Kisha akageuka akaniangalia mimi. Nikaangalia ndoo yangu. Maji yalikuwa yamefika juu, yanamwagika kwenye miguu yangu, ya baridi sana. Nikamsikia akisema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Sawa. Kama umesema ni mimi, ni mimi." Akabeba ndoo akaenda.

Tangu asubuhi ile Mama Akinyi hakuomba tena moto mlango wa tatu. Alikwenda mwisho wa laini, mlango wa kumi, ambako moto ulikuwa wa kubahatisha, na mara nyingi alikuta haujawaka. Nilimsikia akifungua mlango kabla ya kucha vizuri, mtoto anakohoa mgongoni, nyayo zake zinapita mbele ya kwangu, zikikipa mgongo chumba cha Mama Kiprono bila kupunguza mwendo, zinapotelea kwenye ukungu. Halafu nyuma ya ukuta nilisikia kijumba chake kilivyo baridi. Ukuta wa bati hausemi uongo. Akinyi mdogo alikohoa wiki nzima. Hakuna aliyepiga tena bati akaniambia ugali unalia. Zakayo aliniuliza, "Sabuni imeisha?" nikamwambia imeisha. Ilikuwa kweli.

Na kwa Mama Kiprono maswali yakapungua. Watu waliomba moto wakaondoka. Hata mimi nilijifunza kusimama badala ya kukaa. Ni ajabu jinsi jambo dogo kama hilo lilivyoacha nyumba kumi bila mtu wa kumuuliza. Wadudu waliingia tena kwenye maharagwe ya mlango wa pili, na mwenyewe akayamwaga yote.

Barua ya tatu ilifika wakati mahindi yanakaribia kukauka. Nilimsomea mlangoni. Kiprono alikuwa njiani, ameshafika Mombasa. Mama Kiprono alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie, nikarudia. Halafu akaingia ndani. Nilipomfuata nilikuta amekishusha kibuyu, amekivua ule ukanda wa shanga, anautia kwenye mfuko wake. Alikuwa amejaribu tena juzi na maziwa yalikuwa yameharibika tena. Alikilaza karibu na mafiga, akachukua panga.

"Unafanya nini, mama?"

"Hii imekufa," akasema. "Itafaa kuwashia moto. Nitaazima ingine kwa dada yangu. Lakini si ya mama."

Nikasema, "Ni mimi."

Hakusikia, au hakuelewa. Nikapiga magoti, nikakishika kile kibuyu chini ya panga lake. "Ni mimi niliosha. Niliona nyeusi. Nilifikiri ni uchafu. Niliosha na maji ya moto na sabuni."

Nikasikia mashine za kiwanda, ambazo kwa kawaida tulikuwa hatuzisikii tena. Aliweka panga chini. Aliniangalia muda mrefu, na nilikuwa nangoja kofi, na ningelipokea. Mwishoni akauliza, kama mtu anayeulizwa shida ya nyumba asubuhi, "Ulitumia sabuni gani?"

"Ya mche."

"Kiasi gani?"

"Yote."

"Yote?" Akaguna. "Na Zakayo akafua na nini?"

Sijui kama ni kucheka kulikoanza au kulia. Nilimwegemea begani nikalia kama mtoto, naye akanipigapiga mgongoni akisema, "Oi. Oi. Si ungeuliza. Mimi niko hapa tu, si ungeuliza." Kisha akaanza kunieleza, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Tutaijaza maji ya majivu, tuimwage. Tuianike kivulini, si juani, jua litaipasua. Tuichome ndani leo, na kesho, na kesho kutwa, maziwa ya kwanza tumpe mbwa, ya pili tumpe mbwa, ya tatu tuonje. Aliniwekea kijiti cha senetwet mkononi, akanishika kifundo, akanionyesha jinsi ya kuzungusha. Nilipoondoka aliniita. "Ya kibuyu tumemaliza. Ile ya Mama Akinyi, hiyo utamwambia wewe."

Kesho yake nilikwenda na kigae changu, nikakuta chumba cha Mama Kiprono kimejaa mvuke. Alikuwa amemwaga sufuria ya maji kwenye mafiga. Moto ule ambao haukuwahi kuzimika tangu niijue laini ulikuwa tope jeusi linalofuka. "Leo hapa hakuna moto," akasema. Akachukua kigae, yeye ambaye sikuwahi kumwona na kigae, akajitanda leso, tukatoka kwenye ukungu sisi wawili. Akasimama mlango wa nne.

"Hodi, Mama Akinyi. Moto iko?"

Mtoto akakohoa mara moja. Halafu ile sauti ikasema, "Iko. Ingia."

Alikuwa amepata moto mapema siku hiyo, bahati. Tulikaa. Mama Akinyi akapekua makaa yake kwa muda mrefu, kuliko hata Mama Kiprono alivyokuwa akifanya. Mama Kiprono akasema, "Nilikusema vibaya bombani."

"Ulinisema."

"Haikuwa wewe."

"Najua," akasema Mama Akinyi.

Mama Kiprono akanigeukia. Aliacha nafasi kubwa pale, kubwa kama mlango. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimelala nayo. Niliangalia moto. Nikafikiri, wamepatana, kwa nini nivuruge. Nitasema kesho, tukiwa wawili. Mama Kiprono akangoja, kisha akauliza habari za kuku, wakaanza kuongea kuku. Mama Akinyi alinitilia kaa kwenye kigae. "Chukua, bibi ya Zakayo. Chukua kubwa. Leo unatetemeka."

Kiprono alifika baada ya wiki tatu, mchana, amevaa koti kubwa la jeshi, mwembamba, macho yake yanaangalia kila kitu mara mbili. Laini yote ilisimama nje. Hakuna aliyempa hata maji. Mama yake alikishusha kibuyu, na shanga zake zimerudi, akakitikisa, akamimina. Yalikuwa maziwa ya nne. Tuliyaonja sisi wawili asubuhi na kuangaliana. Kiprono akanywa yote. Akapangusa mdomo. "Mama," akasema, "haya maziwa ni matamu, lakini yananikumbusha kambi. Kama sabuni ya kambini, kidogo tu."

Mama Kiprono aliangalia juu kwenye mabati. Watu wakacheka, wakidhani ni mambo ya askari. Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Mama Akinyi. Alicheka mpaka akaketi chini, akapangusa machozi kwa ncha ya leso, na kila akinyanyua uso alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi nilicheka pia, kwa kuwa wote walikuwa wanacheka.

Ile kesho niliyojiahidi sikumwambia, wala baadaye. Moto ulikuwa umerudi mlango wa tatu, maswali yamerudi, na mimi nilianza kuuliza. Niliuliza kila kitu, nilikuwa kero, na nusu ya ninayoyajua nilifundishwa na Mama Akinyi kupitia ukuta. Yeye ndiye aliyenishika nilipomzaa Ezra. Laini ilivunjwa, kaburu akaondoka, Mama Kiprono akarudi shambani na kufa huko, sisi wawili tukabaki mjini, mimi mtaa wa Munyaka na yeye kwa binti yake Kapsoya, na tulitembeleana miaka yote hiyo. Mara nyingi alinipa chai, akakaa kimya akinitazama, mikono magotini, mpaka mimi nikaanza habari nyingine. Nilidhani ni uzee.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaona na kiazi mkononi. Akinyi akaniuliza, "Mama Ezra, umechoka? Nikuletee chai?" Nikasema sijachoka. Nikamwambia nataka kumweleza jambo ambalo sikumweleza mama yake. Nikamwambia kuhusu kibuyu, na sabuni, na bombani, na kwamba yeye alikohoa wiki nzima kwa sababu yangu.

Aliendelea kukata vitunguu. "Hiyo tunajua," akasema.

"Mnajua nini?"

"Ya kibuyu. Mama alituambia tangu tukiwa wadogo. Alikuja kwa kuku akaona povu jeusi kwenye mtaro, na wewe umefunika kitu na leso. Tukienda kukaa kwa watu alikuwa anatuambia, mkiona kitu cheusi ulizeni kwanza." Akacheka kidogo, machozi ya vitunguu yanamtoka, au mengine.

"Sasa kwa nini hakusema? Pale bombani?"

"Tulimuuliza. Akasema ulikuwa mtoto, na hukuwa na mtu mjini. Yeye mdomo anao, atajitetea." Akaweka kisu chini. "Lakini alikuwa anakungoja, mama. Hata juzi hospitali alikuulizia kama umekuja. Kila ukija nyumbani, ukienda alikuwa anasema, leo pia hakusema. Atakuja tu, asubuhi moja, na kigae yake, aniambie."

Nilimaliza viazi. Sikujua jambo lingine la kufanya na mikono yangu.

Asubuhi ya kumsafirisha kwenda kuzikwa niliondoka Munyaka kabla ya wengine kuamka. Kapsoya kulikuwa na ukungu, si kama ule, lakini ukungu. Gari lilikuwa limeshafika, sanduku liko kwenye meza uani chini ya turubai, na wanawake wawili wanapuliza moto wa chai. Nikawaomba wanipishe. Nikasogea mpaka karibu, nikaweka mkono juu ya mbao, zilikuwa na umande. Nikabisha kidogo, kama tulivyokuwa tukibisha.

"Hodi, Mama Akinyi," nikasema. "Moto iko?"

Kisha nikamwambia.